Wasomaji Wanauliza: Tao la Meno Linavyopimwa

SWALI: Shikamooni. Natafiti umbo na ukubwa wa tao la meno (upinde wa meno kwenye taya) kwa wanafunzi wa sekondari, nikitumia modeli za plasta. Modeli moja nikiipima leo na nikairudia wiki ijayo, upana wa magego unatofautiana hata milimita 1. Kalipa (kifaa cha miguu miwili cha kupimia upana) ni mpya. Kosa liko wapi? Pia wanafunzi wanne hawana chonge upande mmoja, niwahesabu?
Mwanafunzi, Dodoma mjini

JIBU: Marahaba. Modeli ni ileile na kalipa ni ileile, kwa hiyo kinachohama ni pale unapogusa. Gego la kwanza la juu lina ncha nne kubwa, na upana waweza kupimwa kwenye ncha, kwenye kibonde cha katikati au penye ufizi. Chagua mahali pamoja, upaandike kwenye mpango wa utafiti, usipahame. Wengi hutumia ncha ya mbele iliyo upande wa shavu, kulia hadi kushoto. Kwa chonge ni ncha hadi ncha. Kina cha tao ni mstari ulionyooka kutoka katikati ya meno mawili ya mbele hadi kuukuta, kwa pembe mraba, mstari unaounganisha magego ya kwanza.

Kabla ya kushika kalipa, weka nukta kwa penseli iliyochongwa vizuri, taa ikimulika kutoka ubavuni ili kivuli kikuonyeshe ncha. Ncha iliyolika na kuwa bapa, weka nukta katikati ya ubapa huo. Miguu ya kalipa iwe imechongoka, na usiikandamize: plasta hukwaruzika, na safari ya pili mguu utaangukia kwenye mkwaruzo badala ya ncha.

Ukishapima, futa nukta zote. Wengi huliruka hili. Ukizipima tena nukta zilezile umeijaribu kalipa tu, hujajijaribu mwenyewe. Chukua modeli 20 hadi 30, uzirudie baada ya wiki mbili bila kutazama namba za mwanzo, kisha tumia kanuni ya Dahlberg ya kukadiria kosa la upimaji: kila tofauti izidishe kwa yenyewe, jumlisha, gawanya kwa idadi ya modeli mara mbili, tafuta kipeuo cha pili. Tuseme kwa mfano modeli ni 10 na jumla hiyo ni 0.44. Gawanya kwa 20 upate 0.022, kipeuo chake cha pili ni karibu milimita 0.15. Hapo mkono umetulia. Ila kanuni hiyo haikuambii kama safari ya pili ulikuwa ukisoma juu zaidi kila mara, kwa hiyo angalia pia wastani wa tofauti zikiwa na alama zake za kujumlisha na kutoa.

Namba zinazojirudia bado zaweza kuwa za uongo, ikiwa modeli yenyewe haifanani na kinywa. Hapa Dodoma adui ni joto na ukavu wa hewa. Maji ya tangi la juani huigandisha alginati, ule unga unaokorogwa kwa maji ili kuchukua chapa ya meno, kabla hujaifikisha mdomoni. Tumia maji ya nyuzi 20 hivi, na kipimajoto ukiweke mezani. Kati ya trei inayobeba alginati na meno ibaki nafasi ya angalau milimita 3. Ikishashika, subiri dakika mbili zaidi, kisha itoe kwa mvuto mmoja wa haraka. Ukiitikisa huku na huku, imepinda.

Suuza mate na damu kwa maji yanayotiririka. Jiki ya asilimia 3.5 ichanganye sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, upate asilimia 0.5, nyunyizia, funga ndani ya mfuko kwa dakika 10, suuza tena. Mimina plasta ngumu ndani ya dakika 15, gramu 100 kwa mililita 30 za maji au kama pakiti inavyoagiza. Chapa iliyoachwa mezani mchana wa Oktoba hupoteza maji na kusinyaa. Ukiizamisha kwenye maji hunyonya na kuvimba. Ikibidi kusubiri, ifunge kwa kitambaa chenye unyevu kisichochuruzika. Tenganisha baada ya saa moja. Ikilala na alginati usiku kucha, uso wa plasta huwa kama chaki.

Wale wanne waondoe kwenye hesabu ya upana wa chonge, lakini usiwatupe: andika sababu. Waulize wazazi kama utotoni walitolewa "meno ya nailoni". Uvimbe huo wa ufizi ni chonge ya utoto inayotaka kuota. Anayeichimbua anaweza kuharibu pia chonge ya ukubwani iliyolala chini yake. Ni desturi inayoumiza watoto na inapaswa kukoma.

Wavulana na wasichana wachanganue mbalimbali, kwa kuwa kwa wastani matao ya wavulana ni mapana zaidi. Kuhusu umbo, makundi ya mraba, yai na ncha hayana mpaka kati yake. Wanaoyapanga matao katika makundi hayo wawe wawili, kila mmoja peke yake, na utoe ripoti ya walivyokubaliana.

SWALI: Mwanangu ana miaka 8, meno ya mbele chini yamebanana. Taya litapanuka?
Mama, Kondoa

JIBU: Mama, nafasi kati ya chonge na chonge huongezeka hasa meno ya mbele ya ukubwani yanapoota. Chonge za ukubwani za chini zikishaota, usitegemee upana zaidi huko chini. Mbanano mdogo umri huu ni wa kawaida. Akiba iliyobaki ipo nyuma: magego ya utoto ni mapana kuliko meno yatakayoyarithi, na tofauti hiyo, pamoja na ya chonge, huacha kwa wastani milimita 1.7 kila upande chini, na 0.9 juu. Gego la utoto likiong'olewa mapema, gego la kwanza la ukubwani huegemea mbele na kuila nafasi hiyo. Likitoboka, lizibwe. Kama limeshatoka, muulize daktari wa meno kuhusu kishikilia nafasi.

SWALI: Maji yetu hutia meno rangi ya kahawia. Je, hupunguza tao?
Mwalimu, Singida

JIBU: Hapana. Floraidi nyingi huharibu gamba la jino likiwa bado linaumbwa. Haigusi ukubwa wa tao. Lakini hali ikiwa kali gamba humeguka na ncha hupotea, na jino la namna hiyo halifai kuwekewa nukta.