Msomaji Anauliza: Nipo kwenye kemo, kilo zinapanda, nitembee au nilale?

Wiki hii nimepokea barua tatu za jambo moja, kemo (dawa kali za kutibu kansa) ya kansa ya ovari, vile vifuko vya mayai ya mwanamke, na habari ya uzito. Nimekuwa nesi wa wadi ya kansa miaka mingi kabla sijaanza kujibu hapa, na haya maswali nimeulizwa mara nyingi pembeni ya kitanda, mgonjwa anasubiri dokta atoke ndio aulize. Nayajibu yote kwa pamoja, ya kwanza kwa kirefu.

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi ni mama wa miaka 51, naishi Mbagala. Niligundulika na kansa ya ovari, nikapigwa kemo tatu, nikafanyiwa opresheni wakatoa kizazi na ovari zote mbili, sasa nimeshamaliza kemo ya tano imebaki moja. Dawa ni kaboplatini na paklitakseli, kila baada ya siku 21. Watu walinitisha kwamba nitakonda nibaki mifupa lakini mimi nanenepa! Nilipotoka opresheni nilikuwa na kilo 66 sasa nina 71, uso umejaa, magauni hayafungi, nina njaa hata saa nane usiku. Zamani nilikuwa natembea asubuhi na wenzangu mpaka sokoni na kurudi, saa hizi watoto wamenikataza hata kufagia, wifi yangu kahamia kwangu, kila saa supu, kila saa juisi. Jirani naye kasema niache kabisa sukari maana ndio chakula cha kansa. Je nipunguze kula? Naruhusiwa kutembea?

JIBU: Pole sana dada yangu, na hongera kwa kufika ya tano, hiyo safari si ndogo.

Kwanza jua hujakosea kitu. Ile dawa wanayokupa kabla ya paklitakseli ili mwili usipate aleji, deksamethazoni, ni steroidi, na steroidi ndio inayokuletea njaa ya saa nane usiku, inakukosesha usingizi siku moja mbili za mwanzo na inaweza kujaza uso. Wewe pia umetolewa ovari zote mbili kwa mpigo, kama ulikuwa bado unaona siku zako basi umeingia ukomo wa hedhi ndani ya siku moja badala ya miaka, na hapo mwili wa mwanamke unapenda kuweka mafuta tumboni. Ongeza kulala kutwa, ongeza juisi za wifi. Kilo tano zimetoka humo.

Sasa usikimbilie kujinyima! Hapa naomba unisikilize vizuri. Mtu akijinyima chakula katikati ya kemo hapungui mafuta peke yake, anapungua misuli, na misuli ndio inayokuinua kitandani, inayokupandisha daladala, tena mwenye misuli anaivumilia kemo vizuri zaidi. Ndio maana wanakupima kilo kila ukienda, sio mazoea tu, dozi ya paklitakseli inapigiwa hesabu kwa urefu na uzito wako. Kwa hiyo lengo lako mpaka kemo ya sita ni kilo zisiendelee kupanda, basi. Kupunguza utakuja kupunguza dawa zikiisha na damu ikirudi vizuri.

Kwenye sukari jirani yako ana nusu ya ukweli. Seli za kansa zinatumia sukari kama seli zote zinavyotumia, ila ukiacha kula sukari mwili unaitengeneza wenyewe kutoka kwenye chakula kingine, huwezi kuinyima kansa ukabaki wewe umeshiba. Lakini soda na juisi ziache kwa sababu nyingine, steroidi inapandisha sukari kwenye damu, na chupa moja ya soda ya nusu lita ina sukari zaidi ya vijiko kumi vya chai na haishibishi hata robo saa. Mwambie wifi yako kwa upole, maana anakupenda, akukatie chungwa zima ulile badala ya kulikamua matatu kwenye glasi. Supu aendelee ila aengue yale mafuta yanayoganda juu, na akupe na nyama yenyewe, watu wanadhani nguvu iko kwenye mchuzi kumbe iko kwenye minofu. Yai la kuchemsha, dagaa, maharage, samaki, mtindi wa maziwa yaliyochemshwa, kimoja kati ya hivyo kiwepo kila mlo. Hiyo njaa ya usiku iwekee kitu mapema, yai au karanga kiganja kimoja, usije ukaamka ukakuta mkate. Na hizo dozi za steroidi usiache mwenyewe hata moja, muulize dokta wako tu kama kiwango kinaweza kuangaliwa.

Haya, kutembea. Tembea dada yangu! Zamani wagonjwa tuliwaambia walale, sasa hivi wataalamu hawasemi hivyo tena, mwaka 2010 Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba mgonjwa wa kansa asikae bila kujishughulisha hata akiwa kwenye matibabu, na 2019 wakaweka na kiasi: dakika 30 mara tatu kwa wiki za mazoezi ya kukuongezea pumzi kama kutembea haraka, na mazoezi ya misuli mara mbili. Yanapunguza ule uchovu wa kansa ambao kulala hakuumalizi. Lakini hizo 30 huanzi nazo leo, wewe umekaa miezi. Anza na dakika kumi, kutoka mlangoni kwako hesabu nguzo za umeme, leo nguzo nne na kurudi, kesho kutwa tano. Kipimo cha mwendo ni mdomo wako, ukiwa unatembea uweze kuongea na mwenzio ila usiweze kuimba.

Siku 21 hazifanani, na hili watu wengi hawaambiwi. Siku ya kwanza na ya pili unaweza kujisikia una nguvu kumbe ni steroidi, usijidanganye ukafua nguo za nyumba nzima. Kuanzia hapo mpaka siku ya tano au sita viungo vinauma, miguu kama imepigwa, hapo tembea ndani tu, kitandani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka jikoni, dakika tano tano. Wiki ya pili chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na magonjwa, huwa ndio ziko chini, tembea asubuhi mapema barabarani pasipo na watu, sokoni acha kwanza. Wiki ya tatu ndio wiki yako, hapo rudi na wenzako, hapo ndio panda hizo dakika.

Mazoezi ya misuli hayahitaji jimu. Kaa kwenye kiti kigumu, simama bila kushika, kaa tena taratibu, mara tano, pumzika, rudia. Sukuma ukuta kwa mikono miwili mara nane. Chupa mbili za maji za nusu lita ni nusu kilo kila mkono, inatosha kuanzia. Kwa upande wa opresheni, kwa kawaida tunakataza kunyanyua vizito wiki sita za mwanzo, wewe umeshapita lakini kabla hujashika ndoo mwambie daktari akuangalie kovu, maana ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na kovu la tumbo likiachia ndani unapata hania, yaani ngiri.

Na viatu. Nakusisitizia kwa sababu nimeiona kwa macho, mama mmoja alikuwa anatoka wadini kwenda chooni amevaa ndala, katikati ya korido ndala ya kushoto ikabaki nyuma na yeye anaendelea kutembea hajui, mpaka sista aliyekuwa nyuma yake akaiokota akamwita. Mguu ulikuwa umekufa ganzi. Paklitakseli inafanya hivyo kwenye nyayo na vidole, kwa hiyo ukiona vidole vinachomachoma au unashindwa kufunga kifungo cha blauzi waambie kabla ya kemo inayofuata, wanaweza kupunguza dozi. Tembea na raba zilizofungwa kamba na usiku washa taa kwanza ndio ushuke kitandani.

Siku za kutotembea: ukiwa na homa ya 38 au zaidi, hiyo usisubiri hata asubuhi, unaenda hospitali usiku huohuo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwenzake, au kifua kubana ghafla na pumzi kukata, nenda vilevile, kansa hii inaongeza hatari ya damu kuganda. Ukitapika mfululizo, ukitokwa damu puani au kwenye fizi, ukisikia kizunguzungu, mazoezi hakuna mpaka uonwe.

SWALI: Shikamoo. Mama yangu ana miaka 63, tuko naye Tanga, kansa ya ovari, amepata kemo mbili. Mizani inasema kilo 61 vilevile kama alivyoanza, dada zangu wanafurahi kwamba hajapungua, lakini mimi ndio namwogesha na naona mikono imekwisha, mapaja yamekwisha, ni tumbo tu. Akila vijiko vinne anasema kashiba. Nimlazimishe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wewe unayemwogesha umeona kitu ambacho mizani haijakiona. Kansa ya ovari inajaza maji tumboni, na lita moja ya maji ni kilo moja, sasa mtu akiwa na lita sita ndani huyo mama wa kilo 61 mwili wake mwenyewe ni kilo 55, na tumbo likiendelea kujaa huku nyama inapungua mizani itabaki palepale hata miezi miwili. Hilo mwambie daktari kwenye miadi inayofuata kwa maneno hayohayo uliyoniandikia. Chukua uzi, pima mkono wake wa juu katikati ya bega na kiwiko, funga fundo, mpime tena kila wiki mbili kwa uzi huohuo, na huo uzi mpelekee daktari. Maji yanaweza kutolewa kwa sindano, na kemo ikishika mara nyingi yanapungua yenyewe.

Kumlazimisha hapana. Maji yanabana tumbo la chakula ndio maana vijiko vinne vinamtosha, kwa hiyo mpe vijiko vinne hivyo mara sita au saba kwa siku na kila kijiko kiwe na kitu ndani. Uji upikie maziwa, tia siagi ya karanga, ugali mlaini na dagaa waliosagwa, ndizi ya kupondwa na mtindi. Mchicha mwingi na kabeji vinajaza nafasi bure, weka kidogo tu. Maji ya kunywa asinywe na chakula, anywe katikati ya milo. Hapa huyu ni kinyume cha yule dada wa Mbagala, mafuta na karanga kwake ni ruksa.

Na yeye pia ajinyooshe, asilale tu kwa sababu ni dhaifu. Akiwa kitandani akunje na kukunjua vifundo vya miguu mara kumi kila saa, chakula ale amekaa kwenye kiti sio amelala, na jioni mshike mkono mtoke barazani mkae nje. Kula bila kujongea hakumjengi misuli. Angalieni na choo, dawa za kuzuia kutapika zinafunga choo, lakini akipitisha siku bila choo wala hewa, tumbo linasokota na anatapika, usimpe dawa ya kufungua choo ya dukani, mpeleke haraka, utumbo unaweza kuwa umeziba.

SWALI: Mke wangu yupo kwenye kemo hospitali ya kansa ya Ocean Road, kila nikirudi kazini namkuta kalala. Nikimwambia tutembee anasema nimechoka niache. Kaka wa Kimara.

JIBU: Kaka, uchovu wake ni wa kweli, usimwone mvivu, na kwanza waulize wampime damu maana ikiwa chini hata maneno matamu hayamsimamishi. Damu ikiwa sawa usimwambie "tukafanye mazoezi," mwambie "nisindikize dukani." Mkifika duka la pili mrudi. Wanawake wengi wa aina hii nyumbani walikuwa wanafanya kila kitu, akiumwa watu wanamnyang'anya vyote, hata kuchambua mchele, na ndio anaanza kujiona mzigo. Mrudishie kimoja anachokiweza amekaa au amesimama kidogo, achambue mchele, akunje nguo. Siku ya kliniki, kama foleni imeisha na yuko vizuri, msipande bajaji mlangoni, vukeni mkatembee kidogo ule upande wa bahari, upepo wa pale ni mzuri, alafu mkichoka ndio muite bajaji. Na umuulize yeye saa ngapi anajisikia nafuu, wengi ni asubuhi, wewe unarudi saa kumi na mbili jioni akiwa ameshaishiwa. Labda muamke nusu saa mapema.