Mbwa wangu anabweka usiku kucha: nitampunguzaje makelele bila kupoteza ulinzi?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Ninaishi Kinyerezi, Dar es Salaam, na ninafuga mbwa dume wa miaka 3, mchanganyiko wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji. Mchana tunamfungia bandani karibu na geti, na saa 4 usiku tunamfungulia azunguke uani. Tangu vijana wa bodaboda waanzishe kijiwe mbele ya nyumba yetu, anabweka karibu usiku mzima, na majirani wamenishtaki kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mlinzi humtupia mawe, mke wangu humpelekea chakula ili anyamaze, lakini hali inazidi kuwa mbaya. Rafiki mmoja amenishauri ninunue mkanda wa shingoni unaopiga shoti, na mwingine anasema upo upasuaji wa kukata nyuzi za sauti. Sitaki kumwondoa kwa sababu ndiye ulinzi wetu. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na hofu yako ya kupoteza ulinzi, kwa kuwa ndiyo inayowafanya wafugaji wengi wavumilie tatizo hili mpaka ugomvi na majirani unapokuwa mkubwa. Mbwa anayebweka usiku mzima hakulindi. Akibwekea pikipiki, paka, mpita njia na mwizi kwa namna ile ile, watu wa nyumbani huzoea na kuacha kuamka, na siku mtu atakaporuka ukuta hakuna atakayetoka kutazama. Lengo letu basi lisiwe kumfanya bubu, bali kumfundisha atoe taarifa mara chache kisha anyamaze.

Kabla ya mafunzo yoyote, mpeleke kwa daktari wa mifugo achunguzwe. Viroboto na kupe humnyima mbwa usingizi, masikio yenye uchafu na usaha humuuma zaidi anapolala, na mbwa mwenye maumivu hukasirishwa na vitu ambavyo zamani asingevijali. Hakikisha pia kwamba chanjo yake ya kichaa cha mbwa haijapita muda. Sauti ya mbwa ikibadilika ghafla ikawa ya kukwaruza, hasa kama mwenendo wake umebadilika pia, anadondosha mate au anashindwa kumeza, usimtie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Mfungie mahali salama, watoto wakae mbali naye, na umwite daktari siku hiyo hiyo.

Akionekana mzima, kazi inayofuata ni kujua kila mbweko unamletea faida gani. Kwa muda wa wiki moja, wewe na mlinzi andikeni katika daftari saa aliyoanza, kilichotokea kabla, na kilichofuata baada ya hapo. Msishangae mkikuta nyakati ambazo hakuna aliyesikia chochote: sikio la binadamu hukomea kwenye sauti za hezi 20,000 hivi, wakati la mbwa hufika takriban 45,000, kwa hiyo yapo mengi anayoyasikia ambayo ninyi hamyasikii. Andikeni pia kama kuna majike ya jirani yaliyo kwenye joto, kwa sababu dume huweza kukosa utulivu kwa muda wote wa wiki 3 hivi ambazo jike hubaki katika hali hiyo. Kumhasi kunaweza kupunguza tamaa hiyo na uzururaji, lakini hakumfanyi aache kubwekea watu wa getini, hivyo usitegemee kisu pekee.

Kwa maelezo uliyonipa, naona faida mbili zinazomlipa. Ya kwanza inatoka barabarani. Bodaboda inafika, mbwa anabweka, bodaboda inaondoka kumpeleka abiria. Dereva hakumsikiliza mbwa hata kidogo, lakini mbwa anaamini kwamba yeye ndiye aliyemfukuza, na ushindi huo hujirudia kila abiria anapopakiwa. Ya pili inatoka kwa mkeo, ambaye kwa nia njema kabisa amekuwa akimfundisha kwamba kelele huleta sahani. Hata akiamua kuacha lakini akampa mara moja moja anapochoka, atakuwa ameharibu zaidi, kwani mnyama anayelipwa bila mpangilio hung'ang'ania kuliko anayelipwa kila mara. Mawe ya mlinzi nayo yanamthibitishia kwamba hapo getini pana hatari. Kibaya zaidi, mbwa anayepigwa kwa kubweka na kunguruma huweza kujifunza kuacha onyo na kwenda moja kwa moja kwenye kuuma.

Anza kwa kuondoa kile kinachomchokoza. Hamisha banda lipelekwe nyuma ya nyumba, mahali penye kivuli na maji, na uzibe nafasi za geti kwa bati ili asiwaone wapita njia. Kwa kipindi cha mafunzo, usimwachie uani usiku. Alale kwenye banda hilo la nyuma, au katika chumba cha nje chenye hewa, kuanzia saa 4 usiku mpaka alfajiri. Najua utasema hapo ulinzi umepungua, lakini mbwa husikia vizuri hata akiwa ndani, na kila usiku anaoupitisha akifukuza pikipiki unaizidisha mizizi ya tabia unayotaka kuing'oa.

Kisha tazama mchana wake. Mbwa wa aina hii amejengwa kwa kazi na mwendo, na wewe unamtaka alale bandani mchana kutwa mpaka saa 4 usiku, halafu unamwachia usiku akiwa na nguvu zote. Mtembeze kwa kamba saa 12 asubuhi na tena jioni jua linapopoa, angalau nusu saa kila mara, akiachwa anuse njiani kwa utulivu. Chakula chake kisimwagwe chote kwenye sahani moja. Gawa mara mbili, na sehemu ya jioni, kwa mfano dagaa wakavu, itawanye kwenye nyasi aitafute kwa pua. Kutafuta chakula humchosha akili, na mbwa aliyechoka kwa namna hii hulala. Usimpe mifupa iliyopikwa, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha.

Mafunzo yenyewe ni mawili, na yote yanahitaji vipande vidogo vya maini yaliyochemshwa au kitu kingine anachokipenda kuliko ugali wake wa kila siku. La kwanza ni kubadilisha maana ya pikipiki. Mwombe kijana mmoja wa kijiweni, umlipe muda wake, awe anapita na pikipiki huku wewe umekaa na mbwa kwenye kamba mbali na geti, umbali ambao anaisikia na kusimamisha masikio lakini habweki. Mara tu sauti inapoanza mpe kipande cha ini, endelea kumpa mpaka ipotee, kisha acha. Akibweka, maana yake mko karibu mno au sauti ni kubwa mno, nanyi mrudi nyuma hatua kadhaa. Fanya dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku, ukisogea karibu na geti kidogo kidogo kadiri anavyotulia. Wafugaji wengi huharibu hapa kwa haraka: wanasogea mita 10 kwa siku moja, mbwa analipuka, nao wanahitimisha kwamba njia haifai. Hesabu wiki, si siku.

Fundisho la pili ni neno la kunyamaza. Chagua neno moja, tuseme “basi”, na nyumba nzima itumie hilo hilo, mlinzi akiwemo. Anapobweka mara mbili au tatu, mwendee kwa utulivu, sema “basi” mara moja kwa sauti ya kawaida, kisha ndipo usogeze kipande cha ini karibu na pua yake. Hawezi kunusa kwa makini na kubweka kwa wakati mmoja, kwa hiyo atanyamaza; hesabu sekunde 2, mpe. Siku zinazofuata ongeza hadi sekunde 5, 10, 20, na uache kumwonyesha chakula mkononi ili atii neno badala ya harufu. Wapo mbwa werevu wanaogundua kwamba kubweka kisha kunyamaza ndiyo njia ya kupata ini, nao huanza kubweka makusudi. Dawa yake ni kumtuza mara nyingi zaidi anapokuwa amenyamaza tangu mwanzo, kwa mfano pikipiki inapopita naye akakutazama wewe tu. Kumpigia kelele kutoka dirishani usithubutu, kwa sababu huenda akakuona kuwa nawe umeungana naye kubweka.

Kuhusu mkanda wa shoti, nakusihi usinunue. Mbwa anapopata shoti huku akimtazama mtoto anayepita, anaweza kuunganisha maumivu hayo na mtoto huyo, na hofu ikageuka kuwa ukali. Wales ilipiga marufuku mikanda hiyo mwaka 2010, na kwetu Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inalenga kumkinga mnyama na mateso yasiyo ya lazima. Upasuaji wa nyuzi za sauti naupinga kabisa. Mkataba wa Ulaya wa kulinda wanyama wa nyumbani wa mwaka 1987 unaukataza pale usipokuwa na sababu ya kitabibu. Kovu linaweza kuziba njia ya hewa, sauti inaweza kurudi ikiwa ya kukwaruza, na hofu au uchoshi uliomfanya abweke unabaki pale pale. Dawa za usingizi za binadamu pia zisimguse. Zipo dawa za kupunguza wasiwasi kwa mbwa wenye hofu kubwa, lakini huandikwa na daktari baada ya kumpima, tena huambatana na mafunzo.

Jiandae kwa jambo moja ambalo huwavunja moyo wafugaji. Mkeo atakapoacha kupeleka chakula, mbwa atabweka kwa nguvu na kwa muda mrefu zaidi siku chache za mwanzo, kwa kuwa anajaribu kile kilichokuwa kikifanya kazi. Ndiyo sababu nyingine ya kumlaza nyuma ya nyumba katika kipindi hicho. Nenda kwa majirani kabla ya kuanza, uwaeleze unachofanya na kwamba huenda mwanzo ukawa mgumu, na umpelekee mwenyekiti wa mtaa daftari lako la wiki ya kwanza na la wiki ya nne ili aone tofauti kwa maandishi. Ikiwa katika wiki ya nne hakuna dalili yoyote ya nafuu, mrudishe kwa daktari pamoja na daftari hilo na video ya simu inayomwonyesha akibweka bila watu karibu yake.