Kabla Hujamkimbilia Ndugu Yako, Muulize

Nyumbani kwetu Uyole, Mbeya, ukishasalimiwa asubuhi unaulizwa: "Umekunywa maji?" Swali hilo lilianza kwa ajili ya mdogo wangu. Ana selimundu, iliyogunduliwa akiwa hajafikisha miaka miwili, baada ya vidole vyake kuvimba, naye akilia usiku kucha. Chembe nyekundu za damu za mtu asiye na ugonjwa huu huishi kama siku 120. Zake huvunjika ndani ya wiki mbili tatu, na zikijikunja kama mundu huziba mishipa midogo ya damu. Hapo ndipo maumivu huanza. Baridi huyachochea, na kupungukiwa maji pia. Anayeijua Uyole ya Julai, umande unapoganda kwenye majani ya viazi, ataelewa kwa nini mama alikuwa akilala na blanketi la akiba miguuni.

Mwaka jana niliamua kuandaa mbio za hisani kwa ajili yake. Wengi wananiuliza niliandaaje, hivyo nianze na kosa langu, maana ndilo litakalokusaidia zaidi.

Nilitengeneza tangazo la WhatsApp. Nikaweka picha yake akiwa amelazwa, dripu mkononi, na maneno "Tumwokoe mdogo wangu". Kufikia saa kumi lilikuwa limezunguka kwenye magrupu ya kanisa, ya mtaa, hadi ya watu aliosoma nao. Jioni akanipigia. Hakufoka. "Dada, nashona nguo za watu Mwanjelwa. Wateja wangu wengi hawakujua kama naumwa. Leo wamejua wote, na wameniona nikiwa nimelala."

Sikuwa na la kujibu. Nililifuta, lakini picha ikishasambaa hairudi.

Kwa hiyo, kabla hujatafuta fulana wala wafadhili, kaa na ndugu yako umuulize: unataka hili jambo lifanyike? Jina lako litajwe? Picha ipi? Fedha zifanye nini? Hilo la mwisho nilidhani nalijua. Nilitaka zimtibu yeye. Yeye akaniambia kuhusu akina mama anaokutana nao kliniki, wanaotoka Chunya na Kyela na watoto migongoni. Kuna miezi wanakosa nauli, mtoto anakosa kliniki, na dawa ya haidroksiurea, inayopunguza vipindi vya maumivu, inatakiwa kumezwa kila siku huku damu ikipimwa mara kwa mara. Fedha zikaenda kwenye nauli. Tangazo jipya alilipanga mwenyewe: picha yake akiwa kwenye cherehani, na maneno mawili, "Tupime. Tuchangie."

La pili, nenda kapime. Wazazi wakiwa wote wawili wamebeba kinasaba cha selimundu, kila mimba ina nafasi ya robo kuzaa mtoto mgonjwa, nusu mtoto aliyebeba kinasaba bila kuugua, na robo aliye huru kabisa. Maana yake sisi ndugu tusiougua, kati ya kila watatu wawili tumebeba. Nilikuwa nimefika umri huu sijawahi kupima, na majibu yalionyesha nimebeba. Sikukatazwa kukimbia. Daktari alinitaka nianze polepole, ninywe maji kabla kiu haijanishika, nisijilazimishe kwenye milima, na misuli ikilegea au kuuma isivyo kawaida nisimame papo hapo. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usilichukulie kirahisi. Majibu hayo pia ni ya kuzungumza na mchumba kabla ya kutoa mahari.

Tarehe ilitupa shida. Nilitamani tarehe 19 Juni, siku ya selimundu duniani. Mdogo wangu akasema, "Ukichagua siku hiyo, kwa baridi ile mimi sitatoka ndani, na watoto wa kliniki hawatatoka." Alikuwa na haki. Tukasogeza hadi Septemba, baridi imepungua na mvua bado.

Mazoezi sina mengi ya kusema: miezi minne, siku nne kwa wiki, ukiongeza umbali kidogo kidogo. Kaa mbali na barabara kuu alfajiri, malori ya Tunduma hayana subira. Mimi nilitumia njia za vumbi za mashambani.

Kwenye fedha uwe mkali. Tunajua michango ya harusi ilivyo: ahadi nyingi, tasilimu kidogo. Usipange bajeti kwa ahadi. Mhazini asiwe wewe wala ndugu yako, na kila Ijumaa orodha ya walioleta iwekwe kwenye grupu watu waione. Kibali cha polisi na mtu wa huduma ya kwanza usiviache hadi wiki ya mwisho.

Na damu, maana wapo wagonjwa wa selimundu wanaohitaji kuongezewa. Usimwombe mkimbiaji achangie wiki ya mbio, wala pale pale akimaliza. Mwili wake unaihitaji. Siku ya mbio tuliwaandikisha majina tu. Wiki tatu baadaye tukaenda kwa pamoja kuchangia. Mwanaume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke minne, kwa hiyo orodha ile tumeitunza hadi leo.

Siku yenyewe nilikimbia kilomita 21, nikaingia kwenye kiwanja cha shule nikiwa karibu wa mwisho. Mama alikuwa anamshika kila mtu mkono, "ndaga fijo, ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, hadi watoto waliokuja kushangaa tu. Mdogo wangu alikuwa kwenye meza ya maji, sweta mbili, skafu hadi kidevuni. Alinitazama usoni, hakunipongeza.

"Dada, umekunywa maji?"

Nilikuwa nimepita meza mbili za mwisho bila kusimama. Akanifungulia chupa, akanishikisha, akakaa pale pale mpaka nilipoimaliza.