Mwenye tovuti na nyimbo zilizopakiwa na watumiaji

Swali: Ninaishi Minnesota, Marekani, na ninaendesha tovuti ambamo watumiaji hupakia nyimbo za taarab na bongo fleva. Masharti ya matumizi yanasema kwamba kila anayepakia atawajibika mwenyewe. Studio moja imeniandikia ikidai kuwa nyimbo zake zimewekwa bila idhini. Je, ninaweza kushtakiwa?

Jibu: Unaweza, na masharti yako peke yake hayakukingi, kwa kuwa hayo ni makubaliano yako na watumiaji wako, ilhali studio haikuyakubali wala kushirikishwa. Kinga ya kweli imo katika kifungu cha 512 cha sheria ya hakimiliki ya Marekani, kilicholetwa mwaka 1998 na DMCA, yaani sheria ya hakimiliki katika mazingira ya kidijitali, nayo humfaa yule tu aliyetimiza matakwa yake.

Takwa linalosahauliwa mno na wenye tovuti ndogo ni kusajili wakala wa kupokea malalamiko katika Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani na kumtaja pia kwenye tovuti. Ada ni dola 6, na usajili huhuishwa kila baada ya miaka 3. Inasikitisha mtu kukosa kinga kwa fedha hizo, wakati fidia iliyowekwa na sheria, kwa kazi ya sanaa, kama wimbo, iliyosajiliwa kwa wakati, huanzia dola 750 kwa kila kazi na huweza kufika dola 150,000 ukiukaji ukithibitika kuwa wa makusudi.

Hulazimiki kukagua kila faili. Katika shauri la Viacom dhidi ya YouTube, mwaka 2012, mahakama ya rufaa ilieleza kwamba kujua kwa ujumla kuwa ukiukaji upo hakuondoi kinga, bali kujua faili mahususi na kuiacha. Hata hivyo, kujifumba macho kwa makusudi huhesabiwa kuwa ni kujua. Kwa hiyo, ikiwa barua ya studio inataja nyimbo na mahali zilipo, ziondoe bila kukawia na umjulishe aliyezipakia. Akiwasilisha pingamizi halali, utazirejesha kati ya siku 10 na 14 za kazi, isipokuwa studio imefungua kesi. Anayerudia kukiuka afungiwe akaunti, na utaratibu huo uandikwe na utekelezwe.

Kama hukuwa na wakala, msajili leo, lakini usajili huo hautafunika ukiukaji uliotangulia. Barua ya studio mwonyeshe wakili kabla ya kuijibu.