Mama anameza uji tu: je, maziwa ya lishe ya kopo yatamsaidia?

SWALI: Mama yangu ana saratani ya umio na anatibiwa kwa mionzi pamoja na dawa za dripu jijini Dar es Salaam. Siku hizi anameza uji tu, tena kidogo, na nguo zote zimemlegea. Baadhi ya ndugu wanataka tumnunulie maziwa ya lishe ya kopo, ambayo ni ghali. Wengine wanasema sukari iliyomo italisha uvimbe, hivyo afadhali tumpe vidonge vya vitamini. Tufuate lipi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana kwa kumuuguza mama. Kupungua uzito wakati wa matibabu si jambo la kusubiri lipite lenyewe, kwa sababu mgonjwa anayekonda hupoteza misuli, huchoka upesi, na wakati mwingine madaktari hulazimika kuahirisha dozi hadi apate nguvu.

Mgonjwa wa saratani kwa kawaida huhitaji kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na protini isiyopungua gramu 1 kwa kilo. Kwa mtu wa kilo 50 hizo ni kalori 1,250 hadi 1,500, kiasi ambacho uji mwepesi hauwezi kukifikia kwa sababu sehemu yake kubwa ni maji. Hapo ndipo kinywaji cha lishe kinaposaidia: chupa ya mililita 200 ya aina yenye kalori nyingi huwa na kalori zipatazo 300. Mama anywe polepole, funda baada ya funda, kati ya mlo na mlo, ili kiwe nyongeza na kisichukue nafasi ya chakula anachoweza kumeza. Mkinunua unga wa kopo, fuateni kipimo kilichoandikwa. Najua familia nyingi huuzimua ili udumu, lakini kwa kufanya hivyo mgonjwa hushiba maji.

Someni pia maandishi ya kopo kabla ya kulipa, kwani si kila unga unaoitwa wa lishe una virutubishi vyote. Mwingine ni nafaka za uji zilizochanganywa, na mwingine ni protini ya wanamichezo.

Fedha zisipotosha, msivunjike moyo. Uji huohuo mnaweza kuupika kwa maziwa, mkaongeza karanga zilizosagwa laini kabisa na yai lililopigwa likaiva ndani yake, kisha mkauchuja usiwe na chembe za kumkwama. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia pekee huongeza kalori karibu 120. Kwa maoni yangu, familia nyingi zingeanzia hapa, na kopo likajazia pengo linalobaki.

Kuhusu sukari, kumnyima mama chakula hakuufishi uvimbe kwa njaa. Mwili wake ndio utakaoanza kula misuli yake wenyewe. Ila kama ana kisukari, daktari aelezwe kabla ya kuchagua kinywaji. Vidonge vya vitamini havina kalori za kumwongezea uzito, na vile vya kiwango kikubwa vinavyozuia oksidisho (yaani uharibifu wa seli unaoletwa na kemikali za oksijeni) vinaweza kupunguza nguvu ya mionzi. Asivitumie bila idhini ya daktari wake, na dawa za mitishamba vivyo hivyo.

Mpimeni uzito kila wiki kwa mizani ileile, mpeleke takwimu hizo kliniki na kuomba kumwona mtaalamu wa lishe. Ikiwa kwa siku kadhaa hajala karibu chochote, msimjaze vinywaji hivi kwa pupa, kwa kuwa mwili uliokaa na njaa unaweza kuvurugika chumvi za damu unapolishwa ghafla. Na akianza kupaliwa kila anywapo, au hata maji yakikataa kupita, acheni kumlazimisha na mwahisheni hospitali siku hiyohiyo, ambako madaktari wanaweza kumwekea mrija wa kulishia.