Vazi la Kubana na Ngozi Inayotokeza

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajifunza kuunda watu wa kidijitali kwa programu ya Blender. Nimemtengenezea mwanasarakasi wangu vazi la kubana mwili mzima. Akisimama wima vazi humkaa vizuri, lakini akikunja goti au akiinua mkono, ngozi hutokeza kwapani na nyuma ya goti. Nimelipanua vazi mara mbili, sasa limekuwa kama gunia na ngozi bado inatokeza. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, acha kulipanua, kwa maana tatizo haliko kwenye upana. Kila kipeo cha umbo, yaani kila nukta inayoujenga uso wake, hufuata mifupa ya kidijitali iliyo ndani ya mhusika kwa uzito, yaani kiwango cha ufuasi, uliopangwa kati ya 0 na 1. Ikiwa kipeo cha ngozi nyuma ya goti kinafuata mfupa wa chini kwa 0.6, na kipeo cha vazi kilicho juu yake kinaufuata kwa 0.4, viwili hivyo vitaachana mara tu goti linapokunjwa, hata vazi liwe pana kiasi gani.

Kwa vazi la kubana, njia ninayoipendelea ni kulikata kutoka kwenye mwili wenyewe. Chagua sehemu za mwili zitakazovikwa, zinakili kwa Shift na D, zitenge kwa P ziwe kitu cha pekee, kisha uzisukume nje kwa Alt na S, milimita 2 au 3 tu. Nakala hiyo hurithi uzito wa ngozi kipeo kwa kipeo, kwa hiyo vazi na mwili hukunjika pamoja. Ikiwa hutaki kuitupa kazi uliyokwisha kuifanya, Blender ina zana ya kuhamisha data, inayochukua uzito kutoka kwenye mwili na kuupeleka kwenye vazi. Itumie mhusika akiwa katika mkao wake wa mwanzo, vinginevyo kwapa moja litachukua uzito wa mbavu.

Hata hivyo, vazi lililonakiliwa kutoka kwenye ngozi lina aibu yake: huonekana kama rangi iliyopakwa mwilini. Kitambaa halisi, hata kikibana vipi, hakizami kitovuni wala hakifuati mfereji wa uti wa mgongo. Huvutika kutoka mwinuko mmoja hadi mwingine na kuacha uwazi katikati. Basi lainisha mabonde hayo kwa brashi ya kulainisha, hasa kifuani, tumboni na kati ya makalio, na miinuko uiache ilivyo. Wengi huiruka hatua hii, kisha hushangaa kwa nini michoro yao ya mishono haiwaokoi. Kwenye kingo za shingo na mikono ongeza unene kidogo, kama pindo.

Ngozi iliyofunikwa kabisa haina haja ya kuonekana. Ikusanye katika kundi la vipeo, uifiche kwa kinyago, zana ya Blender ya kuficha sehemu za umbo, ukibakiza ukanda mwembamba chini ya pindo ili mwanya usionekane mkono unaposogea. Kitambaa kikiwa cha kupenyeza nuru, hila hii haifai.

Kabla ya kupaka rangi yoyote, mfanye mwanasarakasi wako achuchumae, muinue mikono yote miwili, kisha mpindishe kiuno. Kwapa likiendelea kusinyaa, tengeneza umbo la kusahihisha, yaani toleo la umbo ulilolirekebisha mwenyewe, linalojitokeza kadiri mkono unavyopanda.