Mkwe anaitwa Esposito: huo ni ukoo gani?

SWALI: Mzee Mashaka, shikamoo. Binti yangu amechumbiwa na Mwitaliano wa Napoli, fundi wa visima vya maji, anaitwa Esposito. Mjomba wa binti, yuko Mvumi, amegoma kupokea posa mpaka aambiwe huo ni ukoo gani na maana yake nini. Kijana nilipomuuliza alicheka tu, akasema, "Mama, ni hadithi ndefu." Nimebaki na wasiwasi. Anaficha nini? – Mama Neema, Nkuhungu, Dodoma.

JIBU: Marahaba, Mama Neema. Hafichi kitu, ila hata mimi mbele ya mama mkwe ningecheka hivyo hivyo. Jina limetoka kwenye Kilatini, expositus, yaani aliyewekwa nje. Mtoto wa kuokotwa.

Pale Napoli kuna Annunziata, kanisa lililokuwa na makao ya watoto. Ukutani palikuwa na tundu, ndani yake pipa la mbao linalozunguka. Mama anafika usiku, anamlaza mtoto, anasukuma pipa, mtoto anatokea ndani na mpokeaji haoni sura ya aliyemleta. Wapo waliomwachia mtoto nusu ya medali, nusu wakabaki nayo, ili mambo yakinyooka warudi kumdai mtoto wao. Mimi hiyo nusu medali huniliza kuliko jina lenyewe.

Watoto hao ndio walioandikwa Esposito. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 mfalme Joachim Murat alipiga marufuku wapya kupewa jina hilo, maana lilikaa kama chapa kwenye paja la ng'ombe. Pipa nalo likafungwa mwaka 1875. Ila waliokwisha kuitwa hivyo walishazaa, na wajukuu wao wameijaza Napoli. Milano waliitwa Colombo, kwa sababu ya njiwa wa nembo ya hospitali iliyowapokea; Firenze waliitwa Innocenti, wasio na hatia.

Sasa mjomba. Swali lake la ukoo halijibiki kwa jina hili: Esposito wawili wanaweza kukaa nyumba jirani na wasiwe ndugu hata kidogo. Akitaka mizizi, kijana aombe kumbukumbu za babu zake kwenye manispaa ya kwao. Utawala ulianza kuandikisha vizazi Napoli mwaka 1809. Huko nyuma huenda akakuta "wazazi hawajulikani", huenda asikute.

Na mjomba asikunje uso sana. Mimi niliitwa Mashaka kwa kuwa mama alishazika wawili kabla yangu. Shuleni mwalimu akiita majina, darasa zima lilikuwa linageuka kunitazama. Nilipopeleka posa Kondoa, baba mkwe aliuliza kama hayo mashaka yamekwisha au nayaleta kwake. Nilimweleza mwenyewe, akacheka, akataja idadi ya ng'ombe. Haikuwa ndogo.

Kwa hiyo usimsemee kijana. Mpeleke Mvumi, akae kigodani, aeleze habari ya pipa kwa mdomo wake, wewe utafsiri. Mshenga naye afundishwe kulitamka mapema: sisi tunakaza sauti kwenye "si", wenyewe wanakaza kwenye "po". Es-PO-si-to.